Mstari Aliouacha Kaka Yangu

Musyoka alifika mlangoni mwa ofisi ya kanisa, Malindi, saa nne asubuhi siku ya Alhamisi, akiwa mweupe kwa vumbi la mawe tangu nywele hadi viatu. Nilikuwa nikiandika majina ya watoto wa ubatizo. Hakubisha hodi. Alisimama tu, kofia mkononi, na nilipoinua macho nikaona vumbi la mashavuni mwake limechorwa mifereji miwili.

"Dada Kahonzi," akasema, "weka kalamu chini."

"Kuna nini?"

"Weka kalamu kwanza, dada."

Nikaiweka. Akaniambia ukuta wa machimbo ulianguka saa moja, na kaka yangu Kitsao alikuwa chini yake. Walifukua kwa sururu, wakaogopa kumuumiza, wakafukua kwa mikono. Walipomfikia alikuwa hapumui tena.

Mungu anisamehe. Neno la kwanza lililonitoka halikuwa jina la ndugu yangu wala jina la Bwana. Nilisema, "Nani ameusukuma?"

Musyoka alinitazama kama hakunielewa. Kisha akaelewa. "Hapana, dada. Si wao. Ni mvua ya juzi. Ukuta ulilowa, ukaanguka wenyewe. Mimi nilikuwepo."

Nilimwamini. Miezi tisa tulikuwa tukingoja kitu kimpate kaka yangu. Siku kilipompata, nilitafuta mkono wa mtu ndani yake.

Kitsao Mwambire alikuwa kifungua mimba wa mama yetu. Baba alifariki mimi nikiwa darasa la tatu, na Kitsao akaacha shule akiwa darasa la sita ili mimi niendelee. Alibeba magunia sokoni Malindi, alikata makuti, alilima vibarua vya watu, mpaka nikamaliza kidato cha nne. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo lolote, hata kuomba chumvi, na wanawe walikuwa wakimwigiza wakicheka. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Alisema Mungu anasikia hata mlangoni.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, nacho ni shamba lake. Tunaishi upande wa ndani kutoka Kakuyuni, kwenye ardhi ya serikali ambayo babu zetu waliilima bila karatasi. Mwaka 1981 wapimaji walikuja, wakapiga vigingi, majina ya wenye mashamba yakaandikwa, tukaambiwa tungoje barua. Nakala ya majina hayo alikaa nayo mzee wa kijiji, Ngala, ndani ya mkoba wa ngozi alioutembeza kila mahali. Kitsao alipanda mikorosho na minazi, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, akangoja. Kila baraza ilipoitishwa alivaa shati lake jeupe, akidhani huenda ndiyo siku ya barua.

Tena niseme jambo moja la kwetu, kwa sababu msiba wote ulipitia hapo. Kwetu Wagiriama, mwanamume na mama mzaa mkewe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawapitani karibu kiasi cha nguo kugusana. Wakikutana njiani mmoja hujitenga pembeni, na salamu hutolewa kwa mbali macho yakiwa chini. Vijana wengi siku hizi wamelegeza. Kitsao hakulegeza. Mama Kanze, mamake wifi yangu Mbeyu, aliishi kijiji hicho hicho, na kwa miaka kumi na miwili kaka yangu alimpisha kila alipomwona. Siku moja alishuka matopeni na gunia la mahindi begani, mama apite pakavu. Mbeyu akamcheka.

"Baba Kadzo, mama yangu hana ukoma."

Kitsao akakohoa. "Ana heshima. Ndiyo maana niko matopeni."

Mwaka huu wa 1988, mwezi wa Februari, ukaja uchaguzi wa mlolongo. Zamani tulipiga kura kwa karatasi, mtu akaingia peke yake akatoka, na alichofanya akajua yeye na Mungu. Safari hii tuliambiwa wanachama watasimama uwanjani nyuma ya picha ya mgombea wao, wahesabiwe mchana kweupe. Karatasi haina uso. Mstari una uso, una mgongo, una jina la baba yako.

Wagombea kwetu walikuwa wawili, yule aliyekuwa akikalia kiti, ambaye tulimwita Mheshimiwa, na mwalimu mmoja mstaafu aliyewahi kumfundisha Kitsao darasa la nne. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa sababu kadi yangu ya chama iliandikishwa huko. Alasiri ya kuamkia siku yenyewe, Ngala akapita nyumba hadi nyumba.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mzee. Shikamoo," Kitsao akasema.

"Marahaba. Kadi yako unayo?"

"Ninayo."

"Na mkeo? Na huyu msomi wetu wa Malindi?" Akanielekezea kidevu.

"Tunazo, mzee," nikajibu.

"Vizuri. Kesho mnajua pa kusimama."

Kitsao akakohoa. "Nyuma ya Mheshimiwa."

"Mimi sikukuuliza. Nimesema unajua." Ngala akacheka, akaupapasa mkoba wake. "Barua za mashamba ziko njiani. Itakuwa aibu mtu angoje miaka saba, halafu akose siku ya mwisho. Haya, kesho tutaonana. Tutaona."

Alipokwisha kwenda, Mbeyu akauliza, "Huyu amekuja kutuomba au kututisha?"

"Amekuja kunywa maji," Kitsao akasema.

"Mbona hakunywa?"

Nasema wazi, kwa sababu baada ya kifo chake wako watu walioanza kumfanya shujaa. Kaka yangu hakuwa shujaa wa siasa. Alimpenda yule mwalimu, lakini alikuwa ameamua kusimama nyuma ya Mheshimiwa. "Nina watoto wanne," aliniambia jioni ile tukichambua mchicha na mkewe. "Moyo wangu Mungu anauona. Mgongo wangu Ngala anauona. Kesho nampa Ngala mgongo wake, yaishe."

Tulikwenda uwanja wa shule ya msingi mapema. Njiani watu walisalimiana bila kusimama. Hakuna aliyeuliza mwenzake habari za watoto. Uwanjani Land Rover ya serikali ilikuwa imeegeshwa kwenye goli, na askari wa utawala walitembea na rungu mikononi. Mawakala wawili walishika picha za wagombea juu ya fimbo, kila mmoja upande wake. Msimamizi akasema kwa kipaza sauti:

"Kila mtu asimame nyuma ya mtu wake. Filimbi ikilia, hakuna kuhama. Atakayehama atakuwa amevunja sheria."

Kisha hakuna aliyekwenda. Watu mia kadhaa tulibaki tumebanana kando ya madarasa, tukitazamana. Mtoto mmoja alilia mgongoni mwa mamake na mama akamziba mdomo. Wa kwanza kutoka alikuwa Musyoka. Yeye ni Mkamba, alikuja pwani kuchimba mawe ya kujengea, akaoa kwetu, kadi yake ikawa ya kwetu. Alitembea mikono mfukoni mpaka nyuma ya picha ya mwalimu, akasimama peke yake.

"Mkamba amechoka na kazi," mtu akanong'ona.

"Yeye ana mawe. Mawe hayana barua," mwingine akajibu, na watu wachache wakacheka kwa pua.

Basi wengine wakaanza kutoka, huku na huku. Mimi nilikwenda kwa Mheshimiwa. Nilikuwa nimeomba nipewe ujasiri, na nilipofika pale niliomba nisionekane tu. Mbeyu alikuwa nyuma yangu. Kitsao alikuwa mbele yetu, watu kumi hivi, katika mstari huo huo. Aliniangalia mara moja akatikisa kichwa kunituliza. Niliona ameridhika. Jambo lake lilikuwa limekwisha.

"Songeni!" msimamizi akaita. "Mstari ubane! Kifua kwa mgongo! Hatuhesabu mianya!"

Wakati tunasogea, Ngala alikuwa akiwatoa vikongwe waliokaa ukutani kwenye kivuli, akiwaingiza katikati ya mstari wetu wasitembee hadi mwisho. "Wapisheni wazee! Wapisheni!" Nikamwona amemshika kiwiko mama mmoja anayechechemea. Alikuwa Mama Kanze. Ngala alimsimamisha hasa mbele ya Kitsao, akamwambia, "Hapa, mama." Kisha akamwambia Kitsao bila kumtazama usoni, "Wewe, songa."

Aliyekuwa nyuma akasukuma. Kifua cha kaka yangu kilikuwa kinakwenda kugusa mgongo wa mama mkwe wake, mbele ya kijiji kizima. Kitsao aliruka nje ya mstari kama aliyekanyaga kaa la moto. Mama Kanze akageuka, akamtambua, akajifunika uso kwa leso. Nilimsikia akisema, "Jamani, jamani."

Kaka yangu alitazama mwisho wa mstari wetu. Ulikuwa mbali, kwenye uzio. Akaanza kwenda huko haraka, akipita nafasi iliyokuwa kati ya mistari miwili. Alikuwa hajafika nusu filimbi ilipolia.

"Wewe! Wewe hapo! Unahama?" Askari mmoja alimjia mbio, rungu juu.

Kitsao alisimama. Nilimwona akikohoa, akitafuta neno la kuanzia. Kabla hajalipata, Musyoka, ambaye msongamano ulikuwa umemsogeza hadi pale, alinyoosha mkono, akamshika shati akamvuta ndani ya mstari wa mwalimu. "Ingia, ndugu, watakuvunja!" Aliingia. Nadhani alifikiri ni kwa dakika moja tu, askari apite. Lakini makarani walikuwa wameshaanza, wakigusa kila bega na kuhesabu kwa sauti. Niliuona mkono wa karani ukigusa bega la kaka yangu. Nikaisikia namba yake.

Mstarini kwetu hapakuwa na mtu asiyejua kilichotokea. Ningeweza kuinua mkono niseme, "Bwana msimamizi, amempisha mkwe wake, ni wa huku." Maneno yenyewe ni machache. Niliyatia kinywani na nikayameza. Askari yule alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na rungu lake lilikuwa limepasuka ncha, likafungwa waya. Nilitazama visigino vya aliyekuwa mbele yangu mpaka kuhesabu kukaisha. Mbeyu naye nyuma yangu alinishika kiuno, na hakusema. Nimeliungama jambo hili kwa kasisi, na kasisi ameniombea, lakini bado naliona bega lile.

Ngala alisimama kando, mkoba kwapani. Hakuandika kitu. Alitazama tu.

Matokeo yalisomwa. Mstari wa mwalimu tuliouona umepinda mpaka nyuma ya vyoo vya shule, katika kipaza sauti ulikuwa mfupi. Tulirudi nyumbani kimya kama tulivyokuja.

Alasiri Kitsao aliniambia nimsindikize kwa Ngala, kwa kuwa mimi nimesoma. Tulimkuta ameketi nje akimenya muhogo.

"Mzee, nimekuja kueleza," Kitsao akasema.

"Eleza."

"Yule ni mkwe wangu, mzee. Ningemsimamia mgongoni?"

"Mila naijua. Mimi nina wakwe watatu."

"Basi waambie. Nilikuwa narudi mwisho."

"Niwaambie akina nani? Umehesabiwa. Namba imekwenda tarafani." Akakata muhogo. "Ungekwenda mbele badala ya nyuma. Ungeumwa tumbo. Mtu huanguka chini akiumwa, hakuna anayemuuliza."

Nikajikaza. "Mzee, na shamba je?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Shamba limefanya nini?"

"Barua yake."

"Tutaona," akasema. Akanikaribisha muhogo. Nikala kipande, na sijui kilikuwa na ladha gani.

Neno hilo moja ndilo tulilorudi nalo. Kitsao aliligeuza kila upande. Mwezi wa Machi mwenye duka mmoja aliyesimama kwa mwalimu alinyimwa leseni. Mwezi wa Aprili watu wawili waliitwa tarafani, wakarudi baada ya siku nne, hawakusema walichoulizwa. Mvua za masika zikaja, majirani wakapanda, shamba la kaka yangu likaota majani. Nilipokuja mwezi wa Mei nikamuuliza.

"Nilime nimlimie nani?" akasema. "Watakuja na mtu wao wakati wa kuvuna."

"Umeambiwa?"

"Bado. Hawaambii. Wanakuja tu."

Kila gari liliposikika barabarani aliacha kula. Mbeyu aliniambia mumewe alikuwa amefunga vyombo na nguo za watoto katika furushi la mkeka, tayari kuondoka, na alimkataza asilifungue hata alipohitaji sufuria. Mama Kanze alituma maneno kwa bintiye, akilia, kwamba yeye ndiye aliyemponza mkwewe. Kitsao akajibu, kupitia kwa Mbeyu, kwamba asiseme hivyo tena, na kwamba angefanya vile vile. Sijui kama angefanya. Ndivyo alivyojibu.

Mwezi wa Juni akamfuata Musyoka machimboni. Musyoka alikuwa na uchungu wa kumvuta shati siku ile, akamtafutia kazi. Kitsao alilala huko juma zima, akarudi nyumbani Jumamosi, akaenda kanisani Jumapili. Kazi ya mawe ilikuwa haimfai. Ilimfanya akohoe kweli, si ile ya mazoea. Lakini alisema huko shimoni hakuna anayemjua ni nani na alisimama wapi. Mara ya mwisho alipopita ofisini kwangu aliniomba nimwombee jambo moja tu, barua ije kabla ya Krismasi. Akanywa chai akasimama. Hiyo ilikuwa Oktoba.

Tulimpeleka nyumbani Ijumaa, na hapo hofu ikaanza upya. Baba mdogo Fondo na wazee walikaa faraghani kuzungumza kaburi lichimbwe wapi. Kwetu mtu huzikwa kwake, na kaburi likiwa mahali, mahali hapo pana mwenyewe. Sasa tukizika hapo shambani kwake, si tutakuwa tumewatangazia vita wenye orodha ya mashamba? Na kama shamba limepewa mtu mwingine, watamfukua? Mzee mmoja akashauri azikwe kwa Fondo, salama. Mbeyu alisikia kutoka ndani. Alitoka, kichwa wazi.

"Baba zangu, nisameheni. Mkimzika kwingine, mimi na watoto mtakuwa mmetutoa wenyewe. Hawatahitaji kuja."

Fondo akasema twende tukamuulize Ngala kwanza. Hakuna aliyeinuka. Ndipo tukamwona Ngala mwenyewe akija njiani na mkoba wake, na nyuma yake askari mmoja wa utawala. Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza. Mimi nilimshika mtoto wa mwisho wa Kitsao nikamrudisha ndani, sijui kwa nini.

Ngala alitoa pole kwa kila mtu, mmoja mmoja. Askari akavua kofia. Kumbe yeye alikuwa amekuja kwa sababu ya ripoti ya ajali. Kisha Ngala akauliza, "Mbona hamjachimba? Jua linapanda."

Fondo akasema, "Mzee, tulikuwa tunangoja ruhusa yako."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuzika hapa."

Ngala akamtazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto. "Si kwake?"

"Jina lake si lilitolewa?" Mbeyu akauliza.

"Nani amesema?"

Ngala alifungua mkoba, akatoa karatasi zilizokunjika, akapitisha kidole. Akanipa mimi nisome. Jina lilikuwepo. Kitsao Mwambire, namba ya kigingi, wino ule ule wa mwaka 1981. Halikukatwa, wala halikuwekwa alama.

"Mimi sikumwambia yeyote limetoka," Ngala akasema.

Ni kweli. Hakumwambia yeyote. Nilimrudishia karatasi zake kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa. Nilitaka kumuuliza mbona basi siku ile alisema "tutaona", na sikuuliza, kwa sababu barua yenyewe bado haijaja, na mkoba ungali wake.

Kaburi lilichimbwa chini ya mikorosho, kwenye ardhi aliyoipasua mwenyewe. Udongo wa juu ulikuwa laini kwa mvua, wa chini mgumu. Musyoka alichimba zaidi ya wote, akakataa kupokewa. Jumamosi saa nane mwinjilisti alifika kwa baiskeli kutoka Kakuyuni. Tuliimba nyimbo mbili. Mwinjilisti alisoma, akaomba, akalitaja jina la kaka yangu na majina ya watoto wote wanne. Sanduku lilikuwa la mbao za kawaida, lilishushwa kwa kamba na watu sita. Mbeyu alitupa udongo kwanza, kisha watoto kwa umri wao, kisha mimi. Wanaume wakafukia, wakasawazisha kwa mgongo wa jembe, wakasimamisha msalaba wa mti kichwani. Watu wakanawa mikono kwenye debe lililowekwa kando ya nyumba, na tukaenda kukaa na Mbeyu mkekani.